Mpini wa Bomba la Bia: Kijiti Kilichoanza Kama Ushahidi, Kikaishia Kuwa Silaha

Ingia baa yoyote inayojipenda kule Portland au Chicago, kaa kaunta, angalia mbele. Kabla ya menyu, kabla hata mhudumu hajakusalimia, utakutana na msitu wa mipini. Mmoja umechongwa kama kasia, mwingine kama shoka, mwingine kichwa cha samaki, na mwingine ni kipande cha tawi tu kilichopigwa vanishi. Kila mmoja umesimama juu ya bomba lake, na kila mmoja umebeba jina la bia kubwa kiasi cha kusomeka toka mlangoni.

Jina moja tu ndilo halipo: la aliyeuchonga.

Stori ya kijiti hicho ni ndefu kuliko unavyodhani, na imebebwa na watu ambao wengi wao hakuna anayewataja: wanawake waliopika pombe majumbani, seremala aliyeumia mguu, karani anayesingiziwa kusahau maneno, baharia aliyerudi nyumbani na kiu ya nchi ya watu, na jamaa wa gereji mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Ukiifuata mpaka mwisho, utaona kwamba mpini haukuzaliwa ili upendeze. Ulizaliwa kwa sababu watu walikuwa wanadanganywa.

FIMBO MBELE YA NYUMBA

Turudi Uingereza ya karne za kati. Bia ilikuwa kazi ya nyumbani, na wapikaji wengi walikuwa wanawake. Mama anapika kwa ajili ya familia, kinachobaki anauza. Sasa majirani watajuaje kwamba leo kuna mzigo mpya? Anachomeka fimbo ndefu nje ya nyumba, na mwisho wa fimbo anafunga kichaka cha majani au ufagio. Ukiiona, ujue humo ndani kuna kitu.

Fimbo hiyo haikuwaita wateja peke yao. Ilimwita pia mkaguzi. Miji na vijiji vingi vilikuwa na waonjaji rasmi wa pombe, ambao kazi yao ilikuwa kuhakikisha bia haijachakachuliwa, kipimo hakijapunguzwa na bei haijapandishwa kiholela. Kwa hiyo tangu zamani, kipande cha mti kilichosimama mbele ya bia kilikuwa na kazi mbili: kutangaza, na kumweka muuzaji mahali ambapo anaweza kuulizwa maswali.

Kumbuka hizo kazi mbili. Zitarudi.

Bia yenyewe ilikaa kwenye pipa la mbao. Ukitaka kuitoa, unagongomea bomba dogo chini ya pipa kwa nyundo ya mbao, unafungua, inashuka yenyewe kwa uzito wake. Baa zilipokua na mapipa kushushwa ghala la chini ya ardhi, akapatikana kijana wa kupanda na kushuka ngazi na jagi. Unaagiza, anapotea, anarudi. Umeletewa nini kutoka pipa gani? Hiyo ni siri yake na ya giza la huko chini.

SEREMALA ALIYEUMIA MGUU

Mwaka 1797 fundi mmoja wa London alipata hati miliki ya mashine ya kuvuta bia kutoka pipani hadi kaunta. Alizaliwa kijijini Yorkshire, akaumia mguu ujanani, kazi za shamba zikawa ngumu, akapelekwa kujifunza useremala. Alipohamia London alianza na kazi ya kutengeneza samani.

Jamaa alikuwa noma. Mwaka 1778 alikuwa ameshapata hati miliki ya choo cha kuvuta maji. Halafu akatengeneza kufuli na kuiweka kwenye dirisha la duka lake mtaa wa Piccadilly pamoja na tangazo la zawadi nono kwa yeyote atakayeifungua bila ufunguo. Kufuli hiyo ilikaa miaka zaidi ya 60 bila kushindwa, hadi Mmarekani mmoja alipoifungua mwaka 1851, na hata yeye alihangaika nayo siku kadhaa. Kwa hiyo mtu mmoja alishughulikia mlango wa nyumba, bia inapoingia na bia inapotokea. Hiyo ni CV.

Pampu ya bia inafanya kazi kwa kanuni rahisi. Chini ya kaunta kuna silinda yenye pistoni. Juu ya kaunta kuna mpini mrefu. Mhudumu akiuvuta kuelekea kwake, pistoni inapanda, bia inafyonzwa kutoka ghalani kupitia mpira na kumwagika kwenye glasi. Hakuna umeme, hakuna gesi. Nguvu yote ni ya mkono wa mtu.

Ndiyo maana mipini ya Kiingereza inafanana sana mpaka leo. Ni minene, ya duara, imekaa vizuri kiganjani, kwa sababu inafanya kazi kweli kweli. Mingi ilikerezwa kwa mbao ngumu, mingine kwa udongo uliochomwa na kupakwa maua. Jina la bia haliandikwi kwenye mpini wenyewe. Linakaa kwenye kibao kidogo kinachobanwa mbele yake, na bia ikibadilika, kibao kinabadilika. Mpini unabaki, na fundi aliyeukereza hajulikani.

MAREKANI: BAA YENYE BWANA MMOJA

Vuka bahari. Marekani ya mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa na baa nyingi ambazo kwa kweli zilikuwa matawi ya viwanda. Kiwanda cha bia kinamlipia mwenye baa leseni, kinampa kaunta, vioo na hata viti, na yeye anaahidi kuuza bia yao peke yake. Hapo hakukuwa na haja ya mpini kusema chochote. Bomba liko moja, bia ni moja, na jina lake limeandikwa ukutani nje kwa herufi za kutisha.

Ukitaka kuelewa hali hiyo bila kupanda ndege, fikiria keg ya mtaani Nairobi. Tangu Senator Keg ilipoingia sokoni mwaka 2004, ikiwa na unafuu wa kodi ili kuwavuta wanywaji kutoka kwenye chang'aa, wateja wake hawajawahi kuhitaji bomba lenye sanamu ili wajue wanakunywa nini. Unasema "keg", na kila mtu ameelewa. Bia ikiwa moja, mpini unaruhusiwa kunyamaza.

Halafu ukaja ukame. Januari 1920 marufuku ya pombe ilianza kutekelezwa nchi nzima ya Marekani. Viwanda vikafa, vingine vikageukia soda, aiskrimu na shira ya kimea. Miaka 13 baadaye serikali ikalegeza kamba. Tarehe 7 Aprili 1933 bia nyepesi ikaruhusiwa tena, na tarehe 5 Desemba mwaka huo huo marufuku yote ikafutwa.

Lakini wanasiasa hawakutaka zile baa za zamani zirudi. Majimbo mengi yakatenganisha mambo: anayepika bia asimiliki baa, na katikati yao akae msambazaji. Matokeo yake, kwa mara ya kwanza baa nyingi za kawaida zikawa na bia za viwanda tofauti kwenye kaunta moja.

Hapo ndipo uhuni ulipopata nafasi. Mabomba manne yamesimama pamoja, yote yanang'aa sawa, yote yanatoa kitu cha dhahabu chenye povu. Nini kinamzuia mwenye baa kukuuzia bia ya bei ya chini kwa jina la bia ya bei ya juu? Ukishakunywa mbili, ulimi wako si shahidi wa kuaminika mahakamani.

Kwa hiyo majimbo kadhaa yakaweka sheria: bomba lazima lionyeshe jina la bia inayotoka humo. Kazi ya ile fimbo ya akina mama ikawa imerudi. Kipande kidogo kimesimama mbele ya bia, kinamwambia mteja ukweli, na kinampa mkaguzi pa kuanzia.

Mipini ya mwanzo ya zama hizo ilikuwa vitufe vya mviringo, ukubwa unaoenea kiganjani, unaweza kudhani ni kitufe cha gia cha daladala. Usoni kilipachikwa kisahani cha enameli chenye jina la kiwanda. Leo wakusanyaji wa vitu vya kale wanavitafuta kama dhahabu.

KWA NINI MPINI ULIPATA UHURU

Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo ndilo lililofungua mlango wa sanaa yote iliyofuata.

Bomba la Kimarekani halivuti bia. Bia iko kwenye pipa la chuma lililofungwa kabisa, na gesi ya kaboni inaisukuma ije juu. Mpini unafungua vali tu. Unauvuta kwa vidole viwili, bia inakuja yenyewe. Na unatakiwa uufungue wote kwa mara moja, maana ukiuvuta nusu nusu unajaza glasi povu tupu.

Mpini ambao haufanyi kazi nzito unaweza kuwa na umbo lolote. Si lazima uwe mnene, wala wa duara, wala ukae vizuri kiganjani, kwa sababu mhudumu anayejua kazi anaushika chini kwenye shina. Huko juu pote ni uwanja mtupu. Ilikuwa ni suala la muda tu kabla mtu hajauona uwanja huo na kuujaza.

Lakini kwanza vikaja viwanda vikubwa kula vidogo. Katikati ya miaka ya 1930 Marekani ilikuwa na viwanda vya bia zaidi ya 700. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 vilikuwa chini ya 100. Bia zikafanana ladha, mipini ikawa plastiki iliyomwagwa kiwandani kwa maelfu, na matangazo yakahamia kwenye televisheni. Uingereza nako hali ilikuwa inaelekea huko huko, pampu za mkono zikiondolewa kuipisha bia ya gesi, mpaka mwaka 1971 vijana wanne wa Kiingereza waliokuwa mapumzikoni Ireland walipokaa baa, wakalalamika, na kuanzisha chama cha kuitetea bia ya pipa. Wengi walidhani ni masihara ya walevi. Pampu za mkono bado zipo, na chama kipo.

KARANI NA BAHARIA

Marekani mapinduzi yalitokea majumbani, na yalichelewa kwa sababu ya kichekesho cha kisheria. Marufuku ilipoondoka mwaka 1933, kutengeneza mvinyo nyumbani kuliruhusiwa. Bia haikutajwa. Wazee wa fani hupenda kusimulia kwamba karani aliyekuwa anapiga chapa alisahau maneno mawili matatu. Ichukue kama hadithi ya kaunta tu. Kilicho kweli ni kwamba kwa miaka 45 hivi, mtu aliyepika ndoo moja ya bia jikoni kwake alikuwa mhalifu mbele ya serikali kuu.

Oktoba 1978 rais wa wakati huo akasaini sheria, na kuanzia Februari 1979 mambo yakawa halali: galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima anayeishi peke yake, galoni 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, yaani karibu lita 757. Kuuza, hapana. Kunywa na marafiki, ruksa. Majimbo nayo yakafuata moja baada ya jingine, na mawili ya mwisho, Alabama na Mississippi, yalikubali mwaka 2013.

Kabla hata sheria haijasainiwa, kulikuwa na baharia mmoja mstaafu wa jeshi la majini la Marekani. Alikuwa amepangiwa kituo Scotland, akazoea bia za kule, akarudi kwao na kukuta maji ya njano yenye povu. Mwaka 1976 akaanzisha kiwanda kidogo huko Sonoma, California, akakijenga kwa mikono yake kutokana na vyombo chakavu vya maziwa na mapipa ya shira ya soda. Benki hazikumwelewa. Mwaka 1982 akafunga.

Alishindwa kibiashara, ila watu walikuwa wameshamwona. Wapikaji wa nyumbani walijua sasa kwamba inawezekana, wakaanza kutoka magerejini kwao na kufungua viwanda. Leo Marekani ina viwanda vya bia zaidi ya 9,000, vingi vikiwa vidogo.

VITA YA SENTIMITA SABA NA NUSU

Sasa vaa viatu vya mmoja wa hao wadogo mwaka 1990 hivi. Bia unayo, na ni nzuri. Hela ya tangazo la televisheni huna. Hela ya bango huna. Sehemu pekee duniani ambapo unakaa bega kwa bega na jitu lenye mabilioni ni kaunta ya baa, na pale mmepewa nafasi sawa. Kwenye mnara wa bia bomba hadi bomba ni kama inchi tatu, yaani sentimita saba na nusu. Huwezi kupanuka kwenda kushoto wala kulia, utamgonga jirani.

Unaweza kwenda juu, hata hivyo.

Ndivyo mipini ilivyorefuka. Sentimita 20, 25, 30 na zaidi. Ikapata mabawa, magome ya mti, nanga na ngumi. Mteja asiyejua hata jina la bia yako anamnyooshea kidole mhudumu: "Nipe hiyo yenye samaki." Hapo umeuza, na umeuza kwa kipande cha mti.

Ndiyo maana kijiti hiki ni silaha. Na kama silaha yoyote, kinaweza kunyang'anywa. Mpini unafungwa kwa hesi. Pipa likiisha na mwenye baa akaamua kuleta bia nyingine, anauzungusha mara chache, unatoka, unatupwa kwenye boksi chini ya kaunta au rafu ya stoo. Sekunde kumi. Hakuna barua, hakuna mkutano. Kwa kiwanda kikubwa hiyo ni bomba moja kati ya maelfu. Kwa mdogo inaweza kuwa bomba lake la tatu mjini. Na wateja nao hawana huruma, maana mipini mizuri huibwa usiku na kugeuzwa pambo la sebule.

GEREJINI

Wakati vita hiyo inaendelea, kulikuwa na watu wengine wasiokuwa na haja ya kumshinda yeyote: wapikaji wa nyumbani waliobaki nyumbani. Bahati iliwaangukia pale kampuni za soda zilipoacha kusafirisha shira kwenye mapipa madogo ya chuma na kuhamia mifuko ndani ya maboksi. Mapipa ya lita 19, chuma kisichoshika kutu, yakamwagwa sokoni kwa bei ya kutupa. Jamaa wakayabeba. Ukiwa na pipa hilo, mtungi wa gesi, friji la zamani lililotobolewa mlango na bomba moja, una baa yako mwenyewe.

Ila bomba la dukani huja na kitufe cha plastiki nyeusi, kidogo, bubu. Umesubiri wiki nne bia iive, umewaita washikaji, halafu unamimina kwa kitu kinachofanana na kitasa cha kabati. Haiwezekani. Hapo ndipo mashine ya kukerezea inapowashwa.

Kazi yenyewe inaanza na kipande cha mbao ngumu na kavu, urefu kama sentimita 30, upana tano kwa tano. Anayetaka mistari ya rangi hubandika vipande vyembamba pamoja, kwa mfano walnati ya kahawia iliyokolea na mepo, mti ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Gundi inapakwa, vipande vinabanwa, na fundi mwenye akili anaviacha hadi kesho yake. Mwenye haraka atavikuta vimeachana katikati ya mzunguko, na kipande kinachoruka kutoka kwenye mashine hakiangalii kimeelekea usoni kwa nani. Ndiyo maana ngao ya uso huvaliwa kabla ya swichi kuguswa, na mikono mirefu ya shati hukunjwa.

Siri ya kwanza ya kazi: tundu la chini linatobolewa kabla ya kukereza. Kipande kikiwa bado cha pembe nne, unapiga mistari miwili kutoka kona hadi kona, na pale inapokutana ndipo katikati. Ukishakifanya duara, kona zimekwenda na katikati utaitafuta kwa kukisia. Tundu likipinda milimita mbili, mpini wa sentimita 30 utasimama kama mlevi.

Ndani ya tundu kinaingia kipande cha shaba chenye hesi. Kwa mabomba ya Kimarekani kipimo ni kimoja karibu kila mahali, inchi 3/8 yenye hesi 16 kwa kila inchi. Kwa sababu ya makubaliano hayo madogo, mpini uliochongwa Maine utaingia kwenye bomba la Arizona bila ugomvi.

Kisha patasi. Kipande kinazunguka, maganda yanaruka, kona zinapotea, kiuno kinatokea. Msasa unaanza na namba 120 na kupanda polepole hadi 400, mpaka mbao iwe laini kama kokwa la embe lililonyonywa. Uso wa mbele unasawazishwa kidogo ili jina lipate pa kukaa, likichomwa kwa kalamu ya moto au kuchorwa kwa rangi.

Makosa ya wanaoanza yanajulikana. La kwanza ni vanishi. Mpini wa bia hushikwa na mikono yenye maji kutwa nzima, kwa hiyo unataka vanishi ya plastiki au ile ya boti, tabaka tatu au zaidi. Ukipaka sheliki, ambayo huyeyuka kwenye pombe kali, mgeni wa kwanza mwenye mikono ya wiski atakuachia alama za vidole.

La pili ni mwelekeo. Unakaza mpini mpaka mwisho, unarudi nyuma kuutazama, na jina la bia yako linaangalia ukuta. Dawa yake ni nati ndogo ya shingo: unauacha mpini pale uso ulipoelekea kwa wageni, kisha unakaza nati kutoka chini.

La tatu ndilo linalouma. Uzito. Mpini ukiwa mrefu na mzito kupita kiasi, huinama mbele wenyewe na kuifungua vali kidogo. Unaamka asubuhi, sakafu inanuka, wiki nne za kazi zimemalizikia chini ya friji.

MTI WA NYUMBANI

Kosa hilo la tatu lina uhusiano na kwetu. Miongoni mwa mbao ambazo wakerezaji wa Ulaya na Amerika wanaziheshimu kuliko zote ni mpingo, mti huu huu wa vinyago vya Wamakonde, unaovunwa kusini mwa Tanzania na kwenda kuwa zumari za okestra. Unakerezeka kama chuma laini, unang'aa hata bila vanishi, na ni mzito kiasi kwamba ukiutupa kwenye maji unazama. Mpini mzima wa mpingo ungekuwa mzuri kuliko yote kaunta, na ungemwaga bia kuliko yote pia. Kwa hiyo anayekijua anachofanya hutumia kipande kidogo, pete nyeusi shingoni au kifuniko kichwani, na mwili wote mbao nyepesi.

Na ni vizuri iwe hivyo. Mpingo huchukua miongo mingi kukomaa, na hakuna bia iliyowahi kustahili mti mzima.

JINA LILILO CHINI

Sasa rudi kwenye lile swali la mwanzo, la jina ambalo halipo.

Wakerezaji wana desturi ya kutia saini kazi zao. Bakuli likikamilika, linageuzwa, na chini yake mtu anaandika jina lake na mwaka. Mpini wa bomba nao una chini yake, ila huko chini ndiko inakokaa pete ya shaba na hesi. Kwa hiyo fundi akichoma herufi zake mbili pale, siku hiyo hiyo anazifunika mwenyewe. Zitaonekana tena siku mpini utakapofunguliwa, bia ikiwa imeisha.

Nje, mbele ya macho ya watu, linabaki jina la bia peke yake, kama sheria za miaka ya 1930 zilivyotaka. Na kule gerejini hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuandika chochote. Hakuna mkaguzi, hakuna mteja wa kudanganywa, pipa ni moja na kila mgeni anajua nani kaipika. Bado jamaa anakaa usiku na kalamu ya moto, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, anachoma jina herufi kwa herufi, kwa sababu ametengeneza kitu na anataka kijulikane kwa jina lake halisi. Mama wa karne za kati aliyechomeka fimbo yenye kichaka mbele ya nyumba angemwelewa bila kuelezwa.

Haya, zamu yako. Kama ungekerezewa mpini wako leo, uwe wa bia, wa juisi ya miwa au hata wa togwa ya bibi, ungechongwa umbo gani, na ungeandikwa nini?